Kipima mapigo ya moyo kwa mazoezi ya nyumbani

Kipima mapigo ya moyo ni kifaa kinachohesabu ni mara ngapi moyo unapiga kwa dakika na kuonyesha idadi hiyo wakati mtu anafanya mazoezi, anafanya kazi au anapumzika. Kinaweza kuwa mkanda unaovaliwa kifuani, saa au bangili ya mkononi, au kibano kidogo cha kidoleni. Makala hii inahusu uchaguzi wa kifaa hicho kwa mtu anayefanya mazoezi nyumbani, hasa katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama vile Bunju, Tegeta na Mabwepande wilayani Kinondoni, au Mbagala, Chamazi na Tandika wilayani Temeke.

Kati ya mambo yote yanayotangazwa kwenye boksi la kifaa, moja ndilo lenye uzito: kama namba inayoonekana ni ya moyo kweli pale mwili unapotikisika. Rangi ya kioo, orodha ya michezo na hesabu ya kalori ni nyongeza tu.

Matumizi

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa wanamichezo wa mbio ndefu idadi hiyo inaweza kushuka hadi kati ya 40 na 60, kwa sababu moyo wao husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Misuli inapofanya kazi huhitaji oksijeni zaidi, na moyo huongeza kasi ili kuipeleka. Kwa hiyo mapigo huonyesha ukali wa zoezi hata pale ambapo hakuna umbali wa kupima. Mtu anayeruka kamba uwani, au anayepanda na kushuka ngazi ileile kwa nusu saa, hana kilomita za kuhesabu lakini ana mapigo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kipima mapigo husaidia kujua zoezi liko upande gani. Watu hukosea pande zote mbili: wapo wanaodhani wametoka jasho kwa kazi kumbe ni joto la chumba, na wapo wanaoanza kwa kasi ya ujanani baada ya miaka kumi ya kukaa ofisini na kwenye daladala.

Mazoezi ya nyumbani Dar es Salaam

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi jijini Dar es Salaam, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Vikundi vya jogingi, ambavyo Temeke inavyo vingi, hupita mitaani alfajiri za mwisho wa wiki wakiwa na jezi zao na nyimbo za mchakamchaka.

Si kila mtu anaweza kutoka nao. Anayefanya kazi mjini na kuishi Chamazi au Bunju hufika nyumbani giza limeingia. Barabara nyingi za mtaa hazina njia ya waendao kwa miguu, na bodaboda hazina subira. Wanawake wengi hupendelea kufanyia mazoezi ndani, ambako mavazi hayawi mjadala. Hivyo zoezi hufanyika sebuleni meza ikiwa imesogezwa, koridoni, au uwani kabla wapangaji wengine hawajaamka, mara nyingi kwa kufuata video kwenye simu. Mwalimu wa kwenye video hamwoni mwanafunzi wake na hawezi kumwambia apunguze kasi. Hapo ndipo kifaa kinapopata kazi.

Historia

Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa aliyoagiza itengenezwe ili ihesabu dakika moja kamili, kwa ajili ya kupima mapigo ya wagonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Willem Einthoven alitengeneza chombo cha kuchora umeme wa moyo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1924.

Kifaa cha kuvaliwa na mwanamichezo kilitoka Ufini. Seppo Säynäjäkangas, profesa wa Chuo Kikuu cha Oulu, alianzisha kampuni ya Polar Electro mwaka 1977 huko Kempele, na mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa kipima mapigo kisichohitaji waya kati ya kifua na saa. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa tayari ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 2 Februari 1974, miaka minane kabla ya hapo. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayeahirisha mazoezi mpaka apate saa.

Aina na jinsi zinavyofanya kazi

Mkanda wa kifuani hupima umeme. Kila pigo la moyo huanzishwa na mkondo mdogo wa umeme unaofika mpaka juu ya ngozi, na elektrodi mbili zilizo upande wa ndani wa mkanda huupokea. Kidude kilichobanwa katikati ya mkanda huhesabu muda kati ya pigo na pigo, kisha hutuma namba kwa Bluetooth kwenye simu au saa. Elektrodi zinahitaji unyevu, ndiyo maana maelekezo husema ziloweshwe maji kidogo kabla ya kuvaliwa. Mwezi wa Februari Mbagala, jasho huifanya kazi hiyo lenyewe baada ya dakika tano, lakini dakika hizo tano za mwanzo namba inaweza kuruka ovyo.

Saa na bangili hupima mwanga. Taa ndogo za kijani zilizo mgongoni mwa saa humulika ngozi, na kihisi kilicho kando yake hupima mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila wimbi la damu linapopita, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu mawimbi hayo. Njia hii ni nzuri mtu akiwa ametulia, kwa sababu kinachobadilika chini ya kihisi ni damu peke yake. Mkono ukitikisika, saa nayo hucheza juu ya ngozi, mwanga wa nje hupenya, misuli na kano hubanwa na kuachiwa, na programu iliyo ndani ya saa hulazimika kukisia lipi ni wimbi la damu na lipi ni mtikisiko.

Kosa linalojulikana zaidi ni saa kushika mwendo wa miguu badala ya moyo. Mtu anayekimbia papo hapo hupiga hatua zipatazo 160 kwa dakika, na saa humwonyesha mapigo 160 wakati moyo wake uko 130. Namba hiyo haionekani kuwa ya ajabu, na ndiyo maana ni kosa baya: anayeiamini atapunguza kasi bila sababu, au siku nyingine atajisifia bila sababu. Kosa la pili hutokea kwenye kunyanyua vyuma, au ndoo za maji kwa wasio na vyuma. Kiganja kinapofumbwa kwa nguvu, damu ya kwenye kifundo hubanwa na saa huonyesha namba ya chini kuliko hali halisi. Pushapu, ambazo hukunja kifundo, huleta tatizo hilohilo. La tatu ni kuchelewa: katika mazoezi ya vipindi vifupi vikali, nusu dakika kazi na nusu dakika pumziko, saa nyingi huonyesha kilele cha kipindi wakati mtu ameshaanza kupumzika.

Kuna aina ya kati, bangili ya mwanga inayovaliwa juu ya kiwiko au chini yake kidogo. Sehemu hiyo ina nyama zaidi na haikunjwi kama kifundo, hivyo kihisi hutulia. Kwa asiyependa kubanwa kifua hii ni mbadala mzuri, ingawa madukani haionekani mara nyingi kama saa.

Usahihi

Utafiti wa Cleveland Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA Cardiology ulipima watu wazima 50 kwenye mashine ya kukimbilia. Mkanda wa kifuani ulilingana na elektrokadiogramu kwa kiwango cha 0.99, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Vifaa vinne vya mkononi vilipata kati ya 0.83 na 0.91.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kalori zilikuwa habari nyingine: kifaa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Anayepanga chakula chake cha jioni kwa kufuata kalori za saa anapanga kwa kubahatisha.

Suala la rangi ya ngozi linawahusu moja kwa moja wasomaji wengi wa Afrika Mashariki. Melanini hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi mwanga unaorudi kwenye kihisi ni mdogo. Utafiti wa Stanford ulikuta makosa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wenye uzito mkubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi; ulichokuta ni tofauti kubwa kati ya kifaa na kifaa, na kwamba kosa wakati wa kujongea lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Ukiziweka pamoja tafiti hizi mbili, hakuna sababu ya mtu mweusi kuzikataa saa zote, lakini ipo sababu ya kutoridhika na sifa zilizoandikwa na aliyeijaribu saa kwenye mkono mweupe. Tatuu iliyo chini ya kihisi huzuia mwanga zaidi kuliko ngozi yenyewe, na piko nyeusi ya harusi kwenye kifundo ni vema iepukwe kwa sababu hiyohiyo. Mkanda wa kifuani, kwa kuwa haupimi mwanga, hauna habari na rangi ya mtu.

Vifaa ambavyo huenda tayari vipo nyumbani

Kabla ya kununua chochote inafaa kutazama kabatini. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye mzee mwenye presha kuna mashine ya kupimia presha, na mashine hiyo huonyesha namba tatu. Mbili za juu ni za presha, ya chini ni mapigo. Watu wengi hawaitazami namba hiyo ya tatu kwa miaka. Kwa mapigo ya kupumzika inatosha kabisa, ila haiwezi kutumika mtu akiwa anaruka.

Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho kiliingia kwenye nyumba nyingi wakati wa UVIKO-19, nacho huonyesha mapigo. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vifaa vya namna hiyo vilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Hitilafu hiyo inahusu kiasi cha oksijeni. Hesabu ya mapigo kwa mtu aliyetulia kwa kawaida huwa sawa. Kidole kikiwa baridi, kikitikisika au kikiwa na rangi nzito ya kucha, namba haiaminiki.

Simu yenye kamera na tochi inaweza kupima pia, kwa programu inayomtaka mtu afunike kamera kwa ncha ya kidole. Njia ni ileile ya mwanga.

Na vipo vidole viwili. Kidole cha shahada na cha kati huwekwa kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa dole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa sekunde 30 na kuzidishwa kwa 2. Baada ya zoezi huhesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4, mara moja tu mtu anaposimama, kwa sababu mapigo hushuka haraka. Njia hii haina betri wala bando, na ndiyo mizani ambayo vifaa vingine vyote hupimwa nayo dukani.

Kuchagua

Anayetembea, anayejinyoosha au anayefanya mazoezi mepesi ya video, na ambaye anataka kujua mapigo yake ya kupumzika yanavyobadilika mwezi hadi mwezi, atatoshelezwa na bangili au saa ya kawaida kutoka kampuni inayofahamika. Ivaliwe kidole kimoja au viwili juu ya mfupa wa kifundo, ibane kiasi cha kutoteleza lakini isiache alama kubwa.

Anayeruka kamba, anayefanya vipindi vikali, anayenyanyua vitu vizito au aliyeagizwa na daktari asizidi namba fulani anahitaji mkanda wa kifuani. Hili la mwisho ni muhimu kuliko mengine. Mtu aliyeambiwa asivuke 120 hawezi kutegemea kifaa kinachochanganya hatua zake na moyo wake. Mkanda mara nyingi huuzwa bila saa, namba zikionekana kwenye simu iliyoegemezwa ukutani, jambo ambalo nyumbani si tabu. Kwa wanawake mkanda hukaa chini ya ukingo wa sidiria, na juu yake dera au vazi lolote pana linaweza kuvaliwa bila kuzuia kipimo.

Kwa ununuzi wa mkanda kuna mambo machache ya kuuliza. Je, betri yake ni ile bapa ya mfano wa sarafu, CR2032 au CR2025, ambayo hupatikana kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya umeme? Betri ya namna hiyo hudumu miezi mingi na haijali kama LUKU imeisha. Je, kitambaa chake kinatoka ili kioshwe, na kinaweza kununuliwa peke yake kikichakaa? Na je, kinaungana na programu yoyote ya mazoezi, au kinadai programu ya kampuni yake tu, ambayo huenda simu ya zamani haiipokei? Jambo hili lijaribiwe kwenye simu ya mnunuzi mwenyewe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Dukani na bidhaa feki

Kariakoo ndiko vifaa vingi hununuliwa, pamoja na wauzaji wa mtandaoni wanaoleta kwa bodaboda. Saa nyingi za bei ya chini hubeba sura ya kampuni kubwa bila kuwa za kampuni hiyo. Baadhi zina kihisi cha kweli lakini dhaifu. Nyingine zina taa ya kijani tu, na namba hutungwa na programu. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini mnunuzi aliyekwisha kulipa bila risiti ana nafasi ndogo ya kurudishiwa fedha.

Jaribio la kuivisha saa kwenye chupa au karatasi iliyoviringishwa, na kuicheka ikionyesha mapigo, limeenea sana. Halithibitishi kitu. Hata saa halisi inaweza kuonyesha namba hapo, kwa kuwa kihisi hutafuta mdundo wowote kwenye mwanga unaorudi. Jaribio la maana huchukua dakika kumi. Mnunuzi hukaa akatulia, akahesabu mapigo yake kwa vidole, akalinganisha na saa. Tofauti ya mapigo matano au pungufu inavumilika. Kisha hupanda ngazi za jengo mara mbili tatu kwa haraka, akahesabu tena papo hapo. Saa feki hujulikana hapa: hubaki kwenye 70 na kitu kana kwamba mwenyewe yuko kitandani, au hupanda kidogo kwa adabu kisha hurudi chini wakati moyo bado unagonga. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ametoa jibu.

Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa saa za mazoezi huandika wenyewe, kwa herufi ndogo, kwamba bidhaa yao si kifaa tiba. Ni sentensi ya kusomwa.

Mapigo ya juu kabisa na hesabu zake

Ili kutumia namba, mtu anahitaji kujua kikomo chake. Kanuni maarufu ni kutoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 45 hupata 175. Zoezi la wastani kwake ni asilimia 50 hadi 70 ya hiyo, yaani takriban 88 hadi 123, na zoezi kali huendelea hadi asilimia 85, kama 149. Kanuni nyingine, iliyotolewa mwaka 2001 na Hirofumi Tanaka na wenzake, ni 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mwenye miaka 45 jibu ni karibu lilelile, lakini kwa mwenye miaka 65 ya kwanza inatoa 155 na ya pili 162 na nusu. Zote mbili ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kutofautiana nazo kwa mapigo kumi au zaidi, na huko si kuumwa.

Mwanasayansi Mfini Martti Karvonen alipendekeza mwaka 1957 njia inayozingatia pia mapigo ya kupumzika. Kwa mwenye miaka 45 na mapigo ya kupumzika 70, tofauti ya 175 na 70 ni 105. Asilimia 40 ya 105 ni 42, ambayo ikijumlishwa na 70 inatoa 112, mwanzo wa zoezi la wastani. Saa nyingi hufanya hesabu hizi zenyewe kwa kutumia umri ulioandikwa wakati wa kusajili, na aliyejipunguzia miaka hapo amejidanganya mwenyewe.

Dawa za presha

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 Tanzania ana presha ya juu. Wengi wanaoambiwa wafanye mazoezi, basi, ni watumiaji wa dawa, na baadhi ya dawa hizo huzivuruga hesabu zote zilizotajwa hapo juu. Atenololi, propranololi, bisoprololi na kavedilololi hupunguza kasi ya moyo. Anayezitumia anaweza kujituma hadi miguu ikatetemeka na saa ikaonyesha 105 tu. Akijilazimisha kufikia namba ya kanuni, atauchosha mwili kupita kiasi. Kuacha kidonge ili namba ipande ni hatari zaidi, kwa kuwa kukatisha dawa hizi ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Amlodipini, inayotumiwa pia na wengi, haina athari hiyo kubwa kwa mapigo. Ndiyo maana inafaa kwenda na jina la dawa kwa daktari au mfamasia na kuuliza swali hilo moja kabla ya kuweka lengo lolote kwenye saa.

Kwa watu hao, na kwa wajawazito ambao mapigo yao ya kupumzika hupanda kwa kawaida, kipimo cha mazungumzo ni bora. Katika zoezi la wastani mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Asiyeweza kumaliza sentensi ameshaingia kwenye zoezi kali.

Joto, homa na maji

Chini ya bati, saa nane mchana, zoezi lilelile hutoa namba ya juu kuliko alfajiri. Mwili hupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, jasho hupunguza maji ya damu, na moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Mapigo pia hupanda taratibu kadiri dakika zinavyokwenda hata kama kasi haijaongezwa. Namba ya Januari hailinganishwi na ya Julai. Anayetaka kujua kama amepiga hatua alinganishe alfajiri na alfajiri, chumba kilekile, feni ikiwa vilevile.

Mapigo ya kupumzika, yakipimwa kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, hutoa habari nyingine. Homa huyapandisha kwa takriban mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili. Anayejua kwamba kawaida yake ni 64 na leo ameamka na 80 ana sababu ya kuahirisha kamba, na akiwa na dalili za homa, kwenda kupima malaria. Upungufu wa damu nao huyaweka mapigo juu kwa muda mrefu.

Utunzaji

Chumvi ya jasho hula elektrodi na chuma cha kuchajia. Mkanda huoshwa kwa maji baridi baada ya kila zoezi na kukaushwa kivulini. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Kidude cha katikati kibanduliwe, kwani kikiachwa kwenye kitambaa kibichi huendelea kudhani kimevaliwa na betri huisha.

Taarifa binafsi

Programu nyingi hutaka akaunti na hupeleka mapigo, usingizi na mahali alipo mtu kwenye seva za nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa zoezi la sebuleni hakuna sababu ya programu kujua mahali, na ruhusa hiyo inaweza kuzimwa kwenye simu nyingi.

Mipaka

Kipima mapigo hakitambui shambulio la moyo. Mtu anaweza kuwa nalo huku mapigo yakiwa 80. Hata saa zenye uwezo wa kuchora elektrokadiogramu, zilizoanza kuenea baada ya Apple kutoa yake mwaka 2018, hueleza wazi kwamba hazifanyi kazi hiyo. Maumivu au uzito kifuani, hasa yanayoelekea mkononi au tayani, kizunguzungu, kuzimia, kukosa pumzi kusikolingana na zoezi, au moyo kudunda bila mpangilio ni sababu za kusimama mara moja na kwenda hospitali, namba iwe yoyote. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala hupokea dharura, na matibabu ya kibingwa hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo pia huhudumia wagonjwa katika Hospitali ya Dar Group eneo la TAZARA. Aliye na historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, au aliyevuka miaka 40 bila mazoezi, huanza na kipimo cha huko kabla ya kununua cha Kariakoo.